Nyumba ya marehemu, shamba la familia na mshahara usiolipwa: nani ana haki, na tuende wapi?



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia vita huwa tunauliza swali moja: siku ya kurudi, mnaogopa nini? Wengi hutaja bunduki. Lakini tukiendelea kukaa na kusikiliza, maneno mengine hutoka. «Nitamkuta nani ndani ya nyumba yangu?» «Mume wangu alifia njiani, je, wakwe watanipokea?» «Nilifanya kazi miaka sita, tukakimbia, na mshahara wa miezi mitatu ukabaki kule.» Mambo hayo si ya majeshi. Ni mambo ya nyumbani, yanayohusu mali, urithi na kazi. Lakini yasipotengenezwa, yanaweza kuzaa vita vingine.

Jambo hili si geni kwetu. Wakati watu wa Fizi na Uvira walipoanza kurudishwa kutoka kambi za Kigoma, Tanzania, mwaka 2005, wengi waliteremka Baraka wakiwa na watoto waliozaliwa ukimbizini. Watoto hao hawakujua mpaka wa shamba la babu yao. Mashahidi wengine walikuwa wamekufa, na karatasi nyingine zilikuwa zimechomeka au kupotea. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, familia nyingine nyingi zilitawanyika, na kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa. Maswali yale yale yamerudi.

Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza kwa maneno mepesi jinsi sheria ya Kongo inavyogawa haki katika kesi za namna hii, na njia ambayo mtu anaweza kufuata bila kushika panga. Hatuchukui nafasi ya avoka. Tunataka tu kila mmoja ajue mlango wa kubisha na maneno ya kusema akifika.

KESI YA MADAI SI KESI YA POLISI

Kuna kesi za namna mbili. Mtu akiiba, akipiga au akiua, hiyo ni kesi ya jinai: serikali inamshitaki na anaweza kufungwa. Lakini watu wawili wakishindania parseli, urithi, deni au mshahara, hiyo ni kesi ya madai. Hapo hakuna wa kwenda gerezani. Hakimu anatazama nani ana haki, kisha anaamua arudishiwe kitu chake au alipwe.

Tunaanza na neno hili kwa sababu watu wengi huukosea mlango. Mtu anagombana na kaka yake juu ya nyumba ya baba, anakwenda polisi, kaka anawekwa ndani siku mbili, familia inatoa pesa ili atoke. Nyumba bado haijapata mwenyewe, na sasa uchungu umeongezeka. Mtu hapaswi kufungwa kwa sababu ya deni tu au kwa sababu ya kudai urithi. Bila shaka, mtu akivunja mlango, akipiga mjane au akighushi hati, hapo jinai imeingia na polisi wanahusika. Lakini swali la «mali ni ya nani» linabaki kazi ya mahakama.

MFANO: SHEMEJI ANAPOFIKA NA FUNGUO

Tutoe mfano. Si habari ya familia fulani, lakini wengi watajiona ndani yake.

Mwanaume ameoa kwa mahari, ndoa ikaandikishwa. Yeye na mke wake wamenunua parseli mjini na kujenga nyumba. Vita vinakuja, wanakimbia, na mume anafariki kwa ugonjwa. Anaacha mke, watoto watatu wa ndoa, na mtoto mmoja aliyemzaa kabla ya ndoa na ambaye alimtambua kisheria kuwa wake. Wazazi wake bado wako hai. Ana ndugu wanne.

Baada ya matanga, ndugu mkubwa anamjia mjane.

«Shemeji, sisi tumekaa kama familia. Nyumba ni ya kaka yetu. Watoto ni wa ukoo wetu, tutawatunza. Wewe unaweza kurudi kwenu, ama ukubali mdogo wetu akusimamie.»

«Baba mkubwa wa watoto wangu, ninakuheshimu. Lakini ile nyumba tuliijenga pamoja. Matofali mengine niliyabeba mimi mwenyewe kichwani.»

«Mila yetu ndivyo ilivyo, mama.»

Je, mila inatosha hapa? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatambua mila, lakini kwa sharti moja: isipingane na sheria wala na utaratibu wa nchi. Katiba hiyo hiyo inakataza kumbagua mwanamke, na inampa kila mtu haki ya kuoa au kuolewa na yule anayemtaka. Kwa hiyo hakuna mila inayoweza kumlazimisha mjane kuwa mke wa shemeji yake, wala kumtoa nyumbani mwake.

HESABU YA URITHI KADIRI YA SHERIA

Urithi nchini Kongo unaongozwa na Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya katika sehemu nyingi tarehe 15 Julai 2016. Tuifuate hatua kwa hatua, tukisema kwamba nyumba ile ina thamani ya dola 9,600.

Hatua ya 1: kutenga mali ya mjane. Watu wengi hukosea hapa. Mali ya marehemu si kila kitu kilichomo nyumbani. Kama mume na mke hawakuchagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba vitu walivyovipata pamoja baada ya kuoana ni vya wote wawili. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza urithi, mjane anachukua nusu yake: dola 4,800. Hajarithi bado. Amechukua kilicho chake.

Hatua ya 2: sehemu ya watoto. Nusu iliyobaki, dola 4,800, ndiyo urithi. Watoto wa marehemu ni warithi wa daraja la kwanza, na wanapata robo tatu, yaani dola 3,600. Wanagawana sawasawa, wavulana na wasichana, mkubwa na mdogo, wa ndoa na yule wa nje aliyetambuliwa na baba yake kisheria. Watoto ni wanne, kila mmoja anapata dola 900. Mtoto aliyefariki kabla ya baba yake akaacha watoto, hao wanashika nafasi yake.

Hatua ya 3: robo iliyobaki. Robo hiyo, dola 1,200, ni ya daraja la pili, lenye makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa kuzaliwa. Makundi yote matatu yakiwepo, kila moja linapata sehemu sawa, yaani dola 400. Ndugu ni wanne, kila mmoja anapata dola 100.

Tazameni basi. Ndugu aliyekuja kuomba funguo za nyumba ya dola 9,600 ana haki ya dola 100. Mjane ana dola 5,200 ukijumlisha nusu yake na sehemu yake ya urithi. Ami na shangazi wa marehemu wako daraja la tatu. Hawapati kitu kama madaraja yaliyotangulia yako.

Hatua ya 4: haki ya kukaa. Sheria inampa mjane (na mume aliyefiwa vilevile) haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, hata kama sehemu ya nyumba hiyo ni ya watoto. Tena anapata nusu ya matumizi ya shamba lililo karibu na nyumba ambalo marehemu alikuwa akililima mwenyewe. Nusu nyingine ni ya watoto.

Nani anasimamia hesabu hiyo? Ikiwa hakuna wosia, kwa kawaida ni mkubwa kwa umri kati ya warithi, au yule ambaye warithi wenyewe wamemchagua ikiwa mkubwa amejiondoa. Msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kuhesabu mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa, na kutoa ripoti.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA NYINGI

«Tulioana kimila tu, hatukuandikisha.» Ndoa ya kimila iliyofungwa katika familia kwa mahari ni ndoa, lakini isipoandikishwa ni vigumu kuionyesha mbele ya watu wengine. Kama wote wawili mko hai, nendeni eta sivili muiandikishe mapema. Kama mume amekwisha kufa, tafuta waliopokea mahari na waliotoa, wakubali kusema mbele ya hakimu. Lakini wale walioishi pamoja bila mahari wala ndoa yoyote hawarithiani. Watoto wao ndio wanaorithi, kama baba aliwatambua.

«Marehemu alikuwa na mke wa pili.» Sheria ya Kongo haitambui ndoa ya pili wakati ya kwanza bado iko. Mwanamke wa pili hahesabiwi kuwa mjane. Lakini watoto wake hawana kosa: waliotambuliwa na baba wanarithi sawa na wengine. Tunawaomba wake wakubwa wasiwafukuze watoto hao, na wake wadogo wasidai nyumba ya mwenzao.

«Msichana ameolewa, bado ana sehemu?» Ndiyo. Kuolewa hakuondoi urithi wa baba na mama.

«Baba alisema kwa mdomo kabla ya kufa.» Sheria inakubali wosia wa namna tatu: ule unaofanywa mbele ya notari au ofisa wa eta sivili, ule ambao mtu anauandika wote kwa mkono wake mwenyewe, akatia tarehe na sahihi, na ule wa mdomo, mtu akiwa karibu kufa, mbele ya mashahidi. Ule wa mdomo una mipaka, tena huleta mabishano mengi. Anayeweza kuandika, aandike akingali mzima.

«Mume wangu alipotea tangu siku ya vita. Hatujui kama ni mzima.» Hili ni jambo zito, na tunalisikia mara nyingi. Kupotea si kufa, na ndugu hawawezi kugawa mali ya mtu kwa sababu tu hajaonekana. Ikiwa mambo yaliyompata yanaonyesha kwa hakika kwamba amekufa, hata kama mwili haukupatikana, mahakama inaweza kutangaza kifo chake kwa kusikia mashahidi. Ikiwa hakuna habari yoyote, mahakama inaweza kumweka mtu wa kusimamia mali yake, na baadaye kutangaza kwamba hayupo. Mke anaweza kuomba mwenyewe. Tangu mwaka 2016 ile sheria ya zamani, iliyomtaka mke kupata ruhusa ya mume kabla ya kwenda mahakamani, imeondolewa.

NYUMBA AU SHAMBA LILILOUZWA WAKATI MWENYEWE HAYUPO

Familia inarudi na kukuta watu wengine ndani. Mara nyingi wale watu nao ni wakimbizi, au wamelipa pesa kwa nia njema. Kabla ya kupaza sauti, tujiulize: nani aliuza, na alikuwa na haki gani?

Kuuza kitu cha mwingine ni bure mbele ya sheria. Ndugu mmoja hawezi kuuza peke yake parseli ya warithi wote. Aliyenunua kwa mtu asiye mwenyewe anapaswa kudai pesa zake kwa huyo aliyemuuzia. Kwa hiyo, mara nyingi adui wa mwenye nyumba si yule anayeishi ndani. Wote wawili wamedanganywa na mtu mmoja, na wanaweza kwenda mahakamani wakiwa upande mmoja. Tumeona kwamba neno hili peke yake hupunguza hasira.

Kuhusu karatasi, hati yenye nguvu zaidi ni sètifika ya kuandikishwa, inayotolewa na Konsevateri wa hati za ardhi kadiri ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Barua ya chefu wa kartier, karatasi ya kununulia au fishi ya parseli ni ushahidi mzuri, lakini si hati hiyo. Mtu mwingine akipewa sètifika juu ya parseli yako, usingoje. Miaka ikipita, inakuwa vigumu zaidi kuipinga. Peleka barua ya kupinga kwa Konsevateri, ubaki na nakala yenye muhuri, kisha fungua kesi.

Mashamba ya vijijini kwa sehemu kubwa hayana hati. Hata hivyo katiba, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria na ile iliyopatikana kwa mila. Ushahidi hapo ni watu na alama: majirani wa mpaka, chefu aliyetoa shamba, miti iliyopandwa, makaburi, mfereji. Wazee wanaojua mipaka wakiwa hai, waulizwe sasa, na maneno yao yaandikwe.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao zinasema wazi kwamba mali waliyoiacha inapaswa kulindwa isinyang'anywe, na kwamba viongozi wana wajibu wa kuwasaidia kuirudisha au kupata fidia. Kukimbia si kutupa mali.

KAZI ILIYOKATIKA NA MSHAHARA ULIOBAKI

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlinda hata yule asiye na karatasi ya mkataba. Mfanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia zote kwamba alikuwa kazini: wenzake, orodha ya mahudhurio, jeton, ujumbe wa simu, risiti za malipo.

Wale wa kibarua cha siku kwa siku, sikieni neno hili. Mtu aliyekwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Hawezi kufukuzwa kwa kuambiwa tu «kesho usije».

Anayefukuzwa bila kosa kubwa anapaswa kupewa taarifa mapema. Kwa mkataba usio na mwisho, mwajiri akiuvunja, taarifa haipungui siku 14 za kazi, na kwa kila mwaka mzima wa kazi zinaongezwa siku 7. Aliyefanya miaka sita ana siku 56. Kumfukuza mtu bila sababu ya haki kunaweza kuleta fidia, ambayo haizidi mishahara ya miezi 36.

Je, aliyekimbia vita ameacha kazi? Sheria inajua kwamba kuna nguvu ambayo mtu hawezi kuizuia. Nguvu hiyo inasimamisha mkataba, haiugeuzi kuwa kosa la mfanyakazi. Lakini ikipita miezi miwili, upande mmoja unaweza kuuvunja. Kwa hiyo, ukifika mahali salama, mwandikie mwajiri haraka: niko wapi, kwa nini niliondoka, niko tayari kurudi lini, na mnanidai au ninawadai nini.

Angalieni pia muda. Dai la mshahara linakufa baada ya mwaka 1 tangu siku mshahara ulipopaswa kulipwa. Madai mengine mengi ya kazi yana miaka 3. Hatua ya kwanza si mahakama bali inspekta wa kazi, anayewaita wote wawili ili kuwapatanisha. Wasipopatana, anaandika hivyo, na kesi inakwenda tribinali ya kazi, au tribinali kubwa (TGI) mahali ambapo tribinali ya kazi haijawekwa.

Neno la mwisho hapa linaunganisha kazi na urithi. Mfanyakazi akifa, mshahara wake uliobaki ni haki ya waliobaki. Kama alikuwa ameandikishwa katika mfuko wa jamii (CNSS), mjane na yatima waulize juu ya pansheni yao. Msichome karatasi za malipo za marehemu pamoja na nguo zake.

MLANGO GANI TUBISHE?

Urithi, ndoa, na shamba la mila: tribinali ya amani. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ndiyo iliyoipa kazi hiyo. Inapobidi kufuata mila, hakimu hukaa pamoja na wazee wanaoijua mila hiyo.

Parseli yenye hati, na madai makubwa: tribinali kubwa (TGI).

Kazi: inspekta wa kazi kwanza, kisha tribinali ya kazi.

Kesi ya urithi hufunguliwa mahali ambapo marehemu alikuwa na makao yake, na kesi ya ardhi mahali ardhi ilipo. Kwa aliye mbali hili ni mzigo. Anaweza kumtuma ndugu anayemwamini au avoka kwa barua ya uwakilishi yenye sahihi na muhuri. Asiye na uwezo aombe sètifika ya umaskini kwa viongozi wa mahali anapoishi, ili asamehewe gharama, na aulize ofisi ya ushauri wa bure ya maavoka.

Jihadharini pia na hukumu inayotolewa mtu akiwa hayupo. Ukisikia kwamba umehukumiwa bila wewe kuwepo, siku zinahesabiwa tangu uliposomewa hukumu: kwa kawaida 15 za kuipinga mbele ya tribinali ile ile, na 30 za kukata rufaa. Usikae na karatasi hiyo mfukoni ukingoja vita viishe. Mpe avoka siku ile ile.

Na pale ambapo mahakama za serikali zimefungwa au hazifikiki? Hapo tusilazimishe hukumu. Tulinde ushahidi, tufanye mapatano ya muda (nani alime msimu huu, nani akae katika chumba gani), tuandike kwamba mapatano hayo hayaondoi haki ya mtu yeyote. Siku mahakama itakapofunguka, kila mmoja atakwenda na karatasi yake.

MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI

Methali hii wazee wetu waliisema kabla ya vita vyote hivi. Kila familia, hata iliyo chini ya hema, inaweza kufanya mambo haya:

1. Andika orodha ya mali mliyoacha: parseli, avenyu na namba, ukubwa wa shamba, majirani wa pande nne, mwaka mlioipata, na aliyewapa.
2. Weka karatasi katika mfuko wa plastiki, na zipige picha kwa simu. Picha zitumeni kwa ndugu wawili walio mahali tofauti.
3. Karatasi ya kifo iliyotolewa kambini, hospitalini au katika nchi ya ukimbizi itunzeni. Itahitajika siku ya urithi.
4. Andikisheni watoto. Kuandikisha kuzaliwa ndani ya siku 90 ni bure. Muda ukipita, inahitajika hukumu ya mahakama ya watoto. Mtoto asiye na jina katika kitabu atapata taabu kuonyesha baba yake ni nani.
5. Baba aliye na mtoto nje ya ndoa amtambue akiwa hai. Asimwachie mtoto kesi.

KWA VIONGOZI: KAZI YENU NI KUPATANISHA, SI KUHUKUMU

Wazee, machefu, wachungaji, maimamu na wanakamati, ninyi ndio mlango wa kwanza. Kesi inayomalizwa chini ya mwembe kwa haki ni bora kuliko ile inayokaa miaka mitano mahakamani. Lakini mapatano yana masharti.

Sikilizeni pande zote, na mwanamke asemewe na nafsi yake, si na kaka yake. Watoto yatima wawe na mtu wa kuwatetea, kwa sababu hawajui kudai. Msipatanishe kwa kupunguza kile ambacho sheria imekwisha kumpa mtu, kama mpatanishi anayemwambia mjane «chukua kitanda na masufuria, nyumba waachie». Hayo si mapatano. Msipokee kitu kwa upande mmoja. Msiweke mtu ndani wala kumtoza faini. Hiyo si kazi ya kamati. Mkimaliza, andikeni PV kwa lugha ambayo wote wanaielewa, isomwe kwa sauti, watie sahihi au kidole, na kila upande ubaki na nakala.

Zaidi ya yote, kesi ya watu wawili ibaki ya watu wawili. Tumeona jinsi ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya majirani unavyogeuka kuwa wa kabila na kabila, kwa sababu mtu mmoja alisema «hao ndivyo walivyo». Kiongozi anayesikia neno hilo alikatize papo hapo. Aulize: ni nani anadai, anadai nini, kwa nani? Majina yakiwa mawili, kesi inaweza kwisha. Likiingia jina la kabila, haina mwisho.

TUFUNGE KWA NENO HILI

Ndugu zetu, turudi kwa yule mjane na shemeji yake. Sheria imempa mjane nafasi yake, lakini sheria haikumfanya shemeji kuwa adui. Bado ni baba mkubwa wa watoto. Siku mtoto wa kiume atakapooa, ataitwa kupanga mahari. Siku ya msiba, atakaa mbele. Kinachotakiwa ni akae na mjane na wazee, hesabu iandikwe kama tulivyoionyesha, kila mmoja apate chake, na watoto waone kwamba watu wazima wanaweza kugawana bila kupigana.

Soma ukurasa huu pamoja na jirani asiyejua kusoma. Uusome mbele ya familia nzima, wakiwepo mashemeji, kabla ya mtu kufa na si baada ya matanga. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika nchi yetu kuta nyingi zimekwisha kuanguka. Nyufa zilizobaki tuzizibe sasa.

Amani iwe nanyi.